Je, wajua kwa nini dege la masafa marefu hutumwa safari ya dakika 40?

Dubai hadi Muscat ni kama kilomita 340. Hata hivyo, Julai 2019 Emirates walianza kupeleka huko A380, dege la ghorofa mbili lililoundwa kukaa angani zaidi ya saa 14. Sababu ya kwanza ni nyepesi: Emirates hawana ndege ndogo kwenye safari za ratiba. Ndege zao zote za safari hizo ni zile pana, zenye njia mbili za kupita katikati ya viti, kwa hiyo hata jirani hufuatwa na hizo hizo. Tena wengi wanaopanda Muscat hawaishii Dubai, wanaunganisha kwenda mbali.

Lakini waliolifanya jambo hili kwa makusudi, na kwa miaka mingi, ni Wajapani. Kiwanja cha Haneda, Tokyo, kina nafasi zenye hesabu za kuruka na kutua, na shirika haliwezi kujiongezea safari litakavyo. Ukinyimwa safari ya pili, unaongeza viti kwenye ile ya kwanza. Ndiyo maana mwaka 1973 Boeing iliwatengenezea 747SR, toleo la safari fupi la dege lake la 747, na baadaye 747-400D iliyobeba zaidi ya abiria 560 kwenye njia za ndani kama Sapporo na Okinawa. Hiyo ya pili haikuwekewa yale mabawa madogo yaliyosimama kwenye ncha za mabawa makubwa: yanaokoa mafuta ndege ikikaa juu kwa saa nyingi, ila kwa safari ya saa moja ni uzito wa bure. ANA, shirika la Kijapani, walipanga viti 514 ndani ya Boeing 777-300 ya safari za ndani, wakati 777-300ER yao ya kimataifa ina mpangilio wa viti 212. Kwenye ile ya ndani hakuna vitanda, hakuna jiko kubwa. Abiria anapewa kinywaji, anashuka.

Gharama yake iko kwenye kutua. Kila safari, kabini hujazwa shinikizo la hewa ndege ikipaa na kupunguzwa ikishuka, na mwili wa ndege hutanuka na kunywea. Ni kama waya unaokunjwa na kunyooshwa: haukatiki kwa urefu wa muda, unakatika kwa idadi ya mikunjo. 747 ya kawaida ilikadiriwa kufanya safari 24,600 kwa miaka 20. 747SR iliimarishwa ifikie 52,000. Hata hivyo, uimara huo hauokoi fundi akikosea. Mwaka 1978 747SR moja ya Japan Airlines iligonga mkia ikitua Osaka, na ukuta wa nyuma unaozuia shinikizo ukatengenezwa vibaya: bamba la kuungia lilikatwa vipande viwili, mzigo ukabaki kwenye mstari mmoja wa ribiti. Safari zaidi ya 12,000 baadaye, tarehe 12 Agosti 1985, ukuta ulipasuka angani. Watu 520 walikufa, wanne wakanusurika.

Breki nazo. Breki za kaboni huliwa zaidi na idadi ya mara zinapokanyagwa kuliko nguvu ya mkanyago, hivyo safari nne fupi kwa siku huzimaliza upesi kuliko moja ndefu. Halafu kuna joto. Airbus huzuia A330, dege lao pana, kuruka breki zikipita nyuzi 300 za Selsiasi, na feni zikiwa zinapuliza kikomo ni 150. Zikichemka kupita kiasi, vizibo maalumu kwenye gurudumu huyeyuka na kutoa upepo ili tairi isilipuke. Hapo ratiba imekufa.

Uzito pia una masharti. Boeing 787-8 inaruhusiwa kuruka na tani 228 hivi, ila kutua ni kama tani 172. Safari ya saa moja inachoma tani chache tu, kwa hiyo huwezi kujaza mafuta ya kwenda na kurudi kiholela. Litafika zito mno. Na kwa kuwa viwanja vingi hutoza kwa uzito ulioandikwa kwenye cheti, mashirika huushusha kwenye karatasi. Airbus waliuza A330-300 ya safari fupi ikiwa na kikomo cha tani 199, na Saudia, shirika la ndege la Saudi Arabia, wakainunua.

Kwetu Tanzania sababu ni nyingine. Dege likirudi alfajiri na kuondoka tena usiku, mchana kutwa linalala huku gharama ya umiliki ikihesabika. Safari ya ndani inagharimu mafuta, ada na uchakavu tu. Air Tanzania waliianzishia 787-8 yao, mwaka 2018, safari za Dar es Salaam, Kilimanjaro na Mwanza. Rubani naye anatakiwa kuruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90, na safari fupi humpa hizo haraka.

Kuna pia pembetatu. Brussels Airlines wameunganisha Kigali na Entebbe kwa A330, na KLM ya Uholanzi Kilimanjaro na Dar es Salaam, ili dege moja lijazwe na miji miwili. Kipande cha Kilimanjaro–Dar hakiuzwi peke yake, kwani shirika la kigeni halibebi abiria wa ndani ya nchi bila kibali maalumu.

Ukitaka kujua utapanda ipi, angalia msimbo wa aina ya ndege unapokata tiketi: 788, 333, 77W na 388 ni pana; 320, 738, 223 na DH4 ni nyembamba. Ila shirika linaweza kuibadilisha asubuhi ya safari.