“Si anatembea mwenyewe?” Tunavyokosea kuhusu mtikisiko wa ubongo

Tanga ni mji wa baiskeli na minazi, na siku hizi bodaboda zimejaa kutoka Chuda mpaka Raskazone. Watu wanaanguka. Mtu akianguka huinuliwa, hupanguswa mchanga, hupewa maji, kisha huja amri inayomaliza mjadala: “Hebu tembea tuone.” Akipiga hatua tano bila kudondoka, watu wanatawanyika. “Huyu mzima. Si anatembea mwenyewe?”

Hiyo ndiyo dhana potofu iliyoenea kuliko zote kuhusu mtikisiko wa ubongo, yaani ubongo kutikiswa ndani ya fuvu hadi utendaji wake ukavurugika. Kutembea mchana kweupe, barabara imenyooka, umekaza akili yote kwenye miguu, si mtihani mgumu. Kasoro hujitokeza akili ikigawanywa. Ubongo uliotikisika unaweza kuendesha miguu, na unaweza kujibu maswali, lakini ukibebeshwa yote kwa pamoja unaelemewa: mwendo unapungua, kiwiliwili kinayumba kushoto na kulia. Watafiti huwapima watu hivyo hasa. Tembea, huku unahesabu kurudi nyuma kuanzia 100, ukitoa 7 kila mara. Kwa kipimo hicho kasoro huweza kuonekana wiki kadhaa baada ya ajali, kwa baadhi ya watu hata miezi miwili, wakati kichwa kimeshaacha kuuma zamani. Kipimo cha kusimama wima macho yamefumbwa, kinachotumika sana kwa wanamichezo, mara nyingi hurudi sawa ndani ya siku 3 hadi 5. Ndiyo maana mtu anaweza kuambiwa amepona, akavuka barabara pale Ngamiani huku anaongea na simu, na asiione pikipiki. Na sisi Watanga tunavyopenda kupiga soga juu ya baiskeli, tena mkono mmoja umeshika kikapu!

“Huyo kalewa tu.” Mgema akianguka mnazini kisha akawa anapepesuka, nani atamsadiki kwamba hakuonja tembo? Lakini hata aliyeonja anaweza kuwa ameumia. Anatanua miguu, anapapasa ukuta, akigeuka ghafla anataka kuanguka. Pombe hufanya hivyo, na mtikisiko wa ubongo hufanya hivyo vilevile. Kumwacha alale “pombe imtoke” bila kukaguliwa ni kucheza pata potea na maisha ya mtu.

Ili tusimame wima, ubongo hupokea habari kutoka sehemu tatu: macho, sikio la ndani, na nyayo pamoja na viungo vya miguu. Kazi yake ni kuzipatanisha. Baada ya kutikiswa, upatanisho huo unalegea, na mtu anaanza kuegemea zaidi macho. Mchana anajiona hana tatizo. Umeme ukikatika usiku, au akifumba macho kunawa uso, au akikanyaga mchanga uliolegea ufukweni, anakwenda mrama kama jahazi lililopakiwa upande mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulikosea. Mtu anasema kila akiinuka kwenye sijida dunia inazunguka. Au akigeuka kitandani, au akiinua uso kutazama madafu. Nyumbani jibu liko tayari: damu imepungua, apewe juisi ya rozela na matembele. Hakuna ubaya wa matembele, lakini kizunguzungu cha namna hiyo, kinachokuja kichwa kikibadili mkao na kutulia kwa kawaida kabla ya dakika moja kuisha, mara nyingi hutoka sikioni. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo sana za kalsiamu. Pigo la kichwa huweza kuzing’oa zikaingia kwenye mifereji ambako hazitakiwi. Tiba yake si vidonge. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia humlaza mgonjwa na kumgeuza kichwa kwa mpangilio maalumu mpaka chembe zirudi mahali pake, na wengi hupata nafuu baada ya kufanyiwa mara moja au chache.

“Hakuzimia.” Wengi hawazimii. Kwa wanamichezo wanaopata mtikisiko, wanaopoteza fahamu ni chini ya mmoja kati ya kumi. Si lazima hata kichwa kigonge kitu. Mwili ukisukumwa kwa nguvu, shingo ikarushwa, inatosha.

“Alivaa helmeti.” Helmeti huokoa fuvu, na ivaliwe. Ubongo bado unasogea ndani.

“Picha imetoka safi.” CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika. Mtikisiko ni hitilafu ya utendaji wa seli za ubongo, haionekani pale. Picha safi ni habari njema, ila haisemi chochote kuhusu kuyumba kwako. Kwa upande mwingine, kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, mboni za macho kutolingana, au usingizi unaozidi kuwa mzito: hapo ni kwenda Bombo au hospitali yoyote iliyo karibu, saa hiyohiyo.

Akishakaguliwa na dalili hizo hazipo, aachwe alale, usingizi unamsaidia. Ila kumfungia chumba cha giza wiki nzima kumepitwa na wakati. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo michezoni waliokutana Amsterdam mwaka 2022 walishauri mapumziko ya kiasi kwa saa 24 hadi 48 za mwanzo, na matembezi mepesi yaanze ndani ya saa hizohizo, mradi dalili zisizidi sana.

Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili hivi. Lakini wanamichezo waliorudi uwanjani baada ya mtikisiko wameonekana kuumia magoti na vifundo vya miguu takriban maradufu ya wenzao katika miezi iliyofuata. Mkwezi ana shida zaidi, kwani mnazi haupandwi nusu. Aanzie chini: aokote nazi zilizoangushwa na wenzake, azihesabu huku anatembea, ageuze kichwa akiitwa. Akipoteza hesabu au akiyumba, kamba ya kukwelea ibaki imetundikwa kwanza.