Je, wajua? Namba inayotokea ukioanisha simu na redio ya gari si namba ya siri

Mjomba wangu aliponunua gari la mtumba kutoka Japani, kazi ya kuoanisha simu yake na redio ya gari niliachiwa mimi. Redio yote ilikuwa imeandikwa Kijapani, kwa hiyo tulikwenda kwa kubahatisha alama hadi ile ya Bluetooth ikajitokeza. Baada ya sekunde chache redio ikaonyesha 482913, na simu nayo ikaonyesha 482913. Mjomba akauliza, "Sasa hii naiandika wapi?" Nikamjibu kwa uhakika: "Huiandiki popote, mjomba. Ni namba ya siri, vifaa vimeshapeana vyenyewe. Asiione mtu tu." Nikaifunika simu kwa kiganja, kama mtu anayetoa pesa kwa wakala.

Jibu langu lilikuwa na kosa, na watu wengi ninaokutana nao wanaamini hivyohivyo.

Namba ile si siri na haifungui kitu chochote. Mtu akiisoma akiwa nyuma yako, akaipiga picha, akaibandika kwenye dashibodi, hapati faida yoyote. Tena vifaa havikupeana. Simu haikuituma namba ile kwa redio, wala redio haikuituma kwa simu. Kila kimoja kiliikokotoa chenyewe, kama wanafunzi wawili waliofanya hesabu moja wakiwa vyumba tofauti. Ndiyo maana simu haikuwekei nafasi ya kuandika. Inakuuliza kama namba zinafanana, kisha inasubiri ukubali au ukatae. Kazi uliyopewa ni kulinganisha, na kwa bahati mbaya ndiyo kazi ambayo karibu kila mtu anairuka, kwa sababu anadhani vifaa vimeshamaliza.

Imani ya namba ya siri haikutoka hewani. Vifaa vya zamani vilitaka uandike namba kweli, mara nyingi 0000 au 1234, na baadhi ya redio za zamani bado zinataka. Hiyo ilikuwa ya siri hasa, kwa maana ufunguo wa mawasiliano ulitengenezwa kutokana nayo. Shida ni kwamba ilikuwa siri dhaifu mno. Mwaka 2005 Yaniv Shaked na Avishai Wool wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv walionyesha kwamba mtu aliyenasa mazungumzo ya vifaa wakati wa kuoanishwa angeweza kuigundua namba ya tarakimu 4 ndani ya muda usiofika sekunde 0.3, tena kwa kompyuta ambayo hata wakati huo ilikuwa imezeeka. Toleo la 2.1 la Bluetooth, lililotoka mwaka 2007, likaleta utaratibu mpya kabisa. Sura ilibaki ileile, namba kwenye kioo, lakini kazi ya namba hiyo ikabadilika. Tukaendelea kuisoma kwa macho ya zamani.

Bluetooth yenyewe ni mawimbi ya redio ya karibu na gigahezi 2.4. Mwaka 1998 kampuni tano, Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba, ziliunda umoja wa kuisimamia, na jina lilitokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Cha kushika hapa ni kimoja: mawimbi hayana ukuta. Simu na redio zinazungumza hadharani, na yeyote aliye karibu mwenye kifaa kinachofaa anaweza kusikiliza. Sasa wawili wanapatanaje siri mbele ya watu?

Chukua soko la viungo. Bi Mwanaisha yuko upande mmoja, Bi Zuhura upande wa pili, na hawawezi kukutana. Kila wanachopelekeana kinabebwa na kijana wa mkokoteni, naye hufungua kila mfuko akachungulia. Wanakubaliana, hata mbele yake, kuanza na bizari ileile ya pilau inayojulikana na soko zima. Bi Mwanaisha anachukua bizari hiyo, anaongeza viungo vyake vya siri, anasaga vyote mpaka viwe vumbi. Bi Zuhura anafanya vivyo hivyo na vya kwake. Kila mmoja anamtumia mwenzake mfuko wa mchanganyiko wake. Mfuko ukifika, Bi Mwanaisha anaongeza humo siri yake, na Bi Zuhura anaongeza yake katika mfuko alioupokea. Mwisho wote wawili wana kitu kimoja: bizari ya soko, siri ya Mwanaisha na siri ya Zuhura. Nani alitangulia kuongeza haijalishi, ladha ni ileile.

Kijana wa mkokoteni ameona mifuko yote miwili, na bado hana kitu. Iliki iliyosagwa pamoja na mdalasini haitenganishwi tena. Akichanganya mifuko miwili aliyoiona, atapata bizari ya soko mara mbili, na ladha haitakuwa ile. Kwenye simu, viungo ni namba kubwa sana, na kusaga ni hesabu iliyo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Wazo hili lilichapishwa mwaka 1976 na Whitfield Diffie na Martin Hellman, na mimi bado linanishangaza kila nikilifikiria: wageni wawili wanapata siri ya pamoja huku msikilizaji akiwa amesimama katikati yao, amesikia kila neno. Mfano wa viungo una kikomo, maana mpishi mwenye ulimi mzuri anaweza kuonja na kukisia. Kwenye hesabu yenyewe hakuna njia ya mkato inayojulikana kwa kompyuta za leo.

Basi namba ya mjomba inaingia wapi? Inaingia pale kijana anapoacha kuchungulia na kuanza kubadilisha. Tuseme mfuko wa Bi Mwanaisha anauficha, anampelekea Bi Zuhura mfuko aliousaga yeye. Kwa Bi Mwanaisha pia anafanya hivyo. Sasa kila mama ana mchanganyiko anaoshirikiana na kijana, na kila mmoja anaamini anashirikiana na mwenzake. Kijana anapokea, anasoma, anafunga upya, anapeleka. Kwa mifuko peke yake hakuna atakayegundua.

Dawa ni daftari. Kila mama anaandika alichotuma na alichopokea, anaongeza namba ya kubahatisha waliyopeana, kisha anapiga hesabu inayotoa jibu fupi la tarakimu 6. Kama kijana hakugusa kitu, madaftari yanalingana na majibu yanalingana. Kama alibadilisha mifuko, alichotuma Mwanaisha sicho alichopokea Zuhura, na majibu yatatofautiana. Uwezekano wa kufanana kwa bahati ni 1 katika 1,000,000. Wala kijana hawezi kuchagua mfuko utakaotoa jibu zuri, kwa kuwa upande mmoja hujifunga na namba yake ya kubahatisha, mfano wa bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kabla ya kuona ya mwenzake.

Halafu majibu hayo mawili lazima yalinganishwe kwa njia ambayo kijana hawezi kuigusa. Njia hiyo ni macho yako. Umekaa ndani ya gari, unaona redio, unaona simu, na hakuna wimbi linaloweza kuingia kati ya macho yako na vioo viwili. Wahandisi walikosa njia salama hewani, wakampa kazi hiyo mtu aliyekaa kwenye kiti.

Kuna mahali maelezo haya yanahitaji kupunguzwa. Hedifoni hazina kioo, na nyingi hazionyeshi namba yoyote. Viungo vinasagwa vilevile, lakini hakuna anayelinganisha madaftari. Hapo umelindwa dhidi ya anayesikiliza, hujalindwa dhidi ya anayebadilisha, ingawa huyo ni lazima awe karibu nawe dakika ileile unayooanisha. Kibodi nazo ni habari nyingine: simu inaonyesha namba, unaiandika kwenye kibodi, na kwa muda huo mfupi ni vyema isionekane. Mwaka 2018 tena, Eli Biham na Lior Neumann wa Technion, chuo kikuu cha teknolojia cha Israeli, walionyesha kwamba baadhi ya vifaa havikukagua vizuri vilichopokea kabla ya kuendelea na hesabu, na watengenezaji wakalazimika kutoa masahihisho. Kusasisha programu ya simu kuna maana yake hapa.

Neno letu lenyewe, kuoanisha, linasaidia kuelewa kinachobaki. Kuoanisha ni siku ya ndoa, kuunganisha ni kurudi nyumbani kila jioni. Siku ya ndoa vifaa hupata ufunguo wa pamoja wenye biti 128, kila kimoja kikahifadhi nakala yake kama cheti. Kesho yake havionyeshi namba. Simu hutoa swali la kubahatisha, redio hujibu kwa hesabu ambayo mwenye ufunguo pekee ndiye anayeiweza, nao ufunguo hautumwi hewani.

Cheti cha upande mmoja kikipotea, ndoa inakwama. Ndilo lililompata mjomba miezi michache baadaye, fundi aliporudisha redio kwenye hali ya kiwandani. Simu iliendelea kuonyesha jina la gari kwenye orodha, ila kuunganisha ikawa haiwezekani, kwa kuwa redio haikuwa na nakala tena. Akanipigia. Nikamwambia aifute redio kwenye simu kwanza, ndipo aoanishe upya.

"Imetoka namba nyingine," akasema.

"Ni sawa, mjomba, hutoka mpya kila mara. Nisomee ya kwenye redio, polepole."

Akasoma tarakimu mbilimbili. Kisha nikamwomba asome ya kwenye simu, mbilimbili vilevile, naye akasoma zote sita kabla ya kubonyeza.