Linki ya picha si picha

“Nimekutumia picha,” mtu anakwambia, nawe ukifungua ujumbe unakuta maandishi ya bluu yanayoanza na https. Huyo hajatuma picha. Ametuma anwani, na mara nyingi hata si anwani ya picha.

Maana ya kuvuta picha kutoka URL, yaani anwani ya mtandaoni, haina mambo mengi. Programu ya simu inaiomba seva (kompyuta inayohifadhi faili) faili, inapokea baiti, inazifumbua ziwe pikseli, yaani nukta za rangi, kisha inazichora kwenye kioo. Anayeandika programu kwa zana iitwayo Flutter ataita amri ya Image.network, wa Android atatumia Glide au Coil, misimbo iliyokwisha kuandikwa ya kuvutia picha. Kazi ni ile ile.

Shida ni kwamba watu wanaisoma URL kana kwamba ndiyo kitu chenyewe. Waraka uliosanifisha URL, RFC 1738 wa Desemba 1994, aliouandika Tim Berners-Lee, mbunifu wa wavuti, na wenzake wawili, unahusu kitu kinapatikana wapi na kifikiwe kwa njia gani. Ni kitu cha aina gani, hilo utaambiwa na seva inapojibu, katika mstari unaoitwa Content-Type. Ukisema image/jpeg, umeletewa picha. Ukisema text/html, umeletewa ukurasa.

Chukua mama anayeuza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Programu ya kuuzia inamtaka abandike URL ya picha ya kila nguo. Anaweka picha kwenye Google Drive, ananakili linki ya kushiriki, anabandika. Kwenye programu kinatokea kisanduku cha kijivu.

“Kijana, hii programu yenu ni mbovu. Mbona mimi nikibonyeza linki naona rinda vizuri tu?”

Analiona, ni kweli. Linki ile inaleta ukurasa wa HTML (lugha inayoandikiwa kurasa za wavuti) wenye vitufe, jina la faili na msimbo wa JavaScript ambao ndio unakwenda kuitafuta picha. Kivinjari kinajua kusoma yote hayo. Kile kipande cha programu kinachofumbua picha hakijui HTML hata kidogo: kilingoja JPEG, kikapokea <!DOCTYPE html>, mstari unaofungua ukurasa, kikakwama. (Aliyeunda programu angeweza kuonyesha ujumbe wa kosa badala ya kijivu kitupu, hapo mama ana haki ya kulalamika.)

Wapo wanaojiona wajanja, wanaangalia kama anwani inaishia .jpg. Basi nenda Wikimedia Commons, ghala la picha huru mtandaoni, utafute picha yoyote ya Ziwa Victoria. Anwani utakayoiona juu itaanza na commons.wikimedia.org/wiki/File: na huenda ikaishia .jpg kabisa, lakini huo ni ukurasa, una maelezo ya leseni na jina la mpigapicha. Faili lenyewe liko upload.wikimedia.org. Halafu kuna anwani zisizo na .jpg wala .png, zimejaa tarakimu na alama za kuuliza, na zinaleta picha bila taabu yoyote.

Uzito nao anwani haiutaji. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inaweza kuwa faili la MB 3, lakini ikifumbuliwa kwa baiti 4 kila pikseli inakula MB 48 za kumbukumbu, hata kama inakwenda kuonyeshwa kwa ukubwa wa stempu. Glide huipunguza ili simu isizidiwe. Bando la mteja lakini limeshaliwa, kwa kuwa faili zima lilishavutwa. Na linki ya http isiyo na s, tangu Android 9 ya 2018, programu huikataa isipoelekezwa vingine.

Ukitaka kujua unachokishika, fungua linki kwenye kivinjari. Ikitokea picha peke yake, bila kitufe wala maandishi pembeni, karibu hakika hiyo ni anwani ya picha. Ikija na vitufe, hiyo ni ya ukurasa. Kwa kurasa kama za Commons, ifinye picha bila kuachia kidole, uifungue katika kichupo kipya, unakili anwani ya huko. Ya Drive usihangaike nayo. Niandikie tu “nimekutumia linki ya ukurasa,” nitaelewa, na nitakuomba faili lenyewe nikupandishie kwenye seva.