Je, wajua kwa nini figo zikishindwa, dozi hupunguzwa?

"Mbona mamangu kapunguziwa sindano ya sukari, na ugonjwa ndio umezidi?" Anayeuguza mzazi anayesafishwa damu hapa Mombasa ana kila haki ya kuuliza hivyo.

Dozi ya kawaida hukadiriwa kwa mtu mwenye figo nzima, zinazochuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia hiyo, kwenye mkojo. Figo zikishindwa, dawa huingia kama zamani lakini hukawia kutoka. Sisi tunaijua mitaro ya mji huu: ikiziba, hata mvua ndogo hukufikia mlangoni. Gentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mfano, hupungua kwa nusu ndani ya saa mbili tatu kwa mtu mzima mwenye afya. Figo zikishindwa, huchukua zaidi ya siku nzima. Mgonjwa akidungwa tena mapema, anaweza kupoteza usikivu wa masikio asiupate tena.

Insulini, ile sindano ya sukari, nayo huvunjwa kwa sehemu na figo. Ndiyo maana mtu aliyehitaji nyingi huanza kuhitaji kidogo, na jamaa hufurahi wakidhani kisukari kimepona. Hakijapona. Insulini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na kipimo cha zamani kinaweza kumshusha sukari usiku akiwa usingizini. Hili linanitia hofu kuliko mengine yote. Sukari ikianza kushuka-shuka, mwambieni daktari siku hiyo hiyo.

Daktari hakisii. Hupima kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, kwenye damu, kisha hutazama umri, uzito na jinsia. Kanuni ya Cockcroft na Gault ya mwaka 1976, ya kukadiria uchujaji wa figo, ingali inatumika. Uchujaji ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, metformini, dawa ya kisukari, huachishwa. Chini ya 15, figo zimeshindwa.

Lakini dozi ya kwanza mara nyingi hutolewa nzima, kwa kuwa mwilini bado hamna kitu. Zinazofuata ndizo hupunguzwa au kutolewa kwa nafasi ndefu zaidi. Na mashine ya kusafisha damu huondoa baadhi ya dawa, kwa hiyo hizo hutolewa mgonjwa akishatoka kwenye mashine.

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni nazo zinaweza kumaliza nguvu ndogo ya figo iliyosalia. Ukiingia duka la dawa pale Kongowea kumtafutia mama dawa ya mgongo, taja figo kwanza, kabla hujautaja mgongo.