Je, wajua kwa nini kuvuta uradi, yaani kurudiarudia neno la sala, hutuliza akili?

Swala ikishasaliwa, wengi msikitini hawanyanyuki papo hapo. Hubaki wamekaa, tasbihi mkononi: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 33. Katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah mjini Mombasa, wapo wanaosali rozari, Salamu Maria 50 kwa mafungu ya kumi kumi. Wahindu wana tasbihi yao ya shanga 108. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine yenye asili ya India, ambao hekalu lao liko Langoni, wana kikao cha utulivu kiitwacho samayika, na desturi yao inataka kidumu dakika 48. Mombasa imewalea hawa wote pamoja. Ukiwauliza kwa nini wanafanya hivyo, kila mmoja atakujibu kwa imani yake. Ukiwauliza wanajisikiaje wakimaliza, majibu yanakaribiana: moyo umetua, kichwa kimekuwa chepesi. Mwilini humo kunapita nini?

Anza na pumzi. Mtu mzima aliyepumzika hupumua kama mara 12 hadi 18 kwa dakika. Mwaka 2001, daktari Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, alichapisha pamoja na wenzake utafiti waliowafanyia watu wazima 23 wenye afya njema. Waliwapima wakisali rozari kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya wanayoga, om-mani-padme-om. Dini mbili, lugha mbili, lakini matokeo yalikuwa mamoja: pumzi ilishuka hadi karibu mara 6 kwa dakika. Maneno yenyewe ndiyo yaliyoipanga, kwa kuwa mtu hutamka pumzi ikitoka, na sentensi ya sala ina urefu wake.

Hiyo sita si nambari ya kubahatisha. Shinikizo la damu huwa na mawimbi madogo ya kupanda na kushuka, kila moja likichukua takriban sekunde 10. Ukipumua mara 6 kwa dakika, pumzi yako na wimbi hilo huenda sambamba, na vipimo vya asili vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua huwa vyepesi zaidi kuhisi shinikizo na kulirekebisha.

Kuna tena neva ndefu inayotoka chini ya ubongo, ikashuka shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Inaitwa vagasi. Ukivuta pumzi ndani, neva hii hulegeza amri yake na moyo huharakisha kidogo. Ukiitoa, hukaza amri na moyo hupunguza mwendo. Unaweza kujipima sasa hivi: weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kisha toa pumzi taratibu mpaka iishe. Wengi, hasa vijana, watahisi mapigo yakipunguza mwendo. Mwaka 1921, mwanasayansi Otto Loewi alikuwa na mioyo miwili ya vyura ikipiga katika maabara mjini Graz, Austria. Akaisisimua vagasi ya moyo wa kwanza, ukapunguza mwendo. Akachukua maji yaliyouzunguka moyo huo akayatia kwenye moyo wa pili, nao ukapunguza mwendo bila neva yake kuguswa. Kumbe neva ilikuwa imemwaga kitu! Kitu hicho tunakijua leo kwa jina la asetilkolini, na mwaka 1936 Loewi alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale. Kwa hiyo akitokea wa kukwambia kuwa utulivu wa uradi ni mawazo yako tu, mwambie una kemikali yake, na iligunduliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Pumzi, hata hivyo, ni nusu ya jibu. Tazama watu wanaongoja feri Likoni jioni. Miili iko pale kwenye foleni. Akili ya huyu iko kwenye karo, ya yule iko kwenye maneno aliyoambiwa kazini asubuhi. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati zisizotarajiwa, wanafanya nini, wanawaza nini na wana furaha kiasi gani. Karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, akili zilikuwa kwingine. Na zilipokuwa kwingine, furaha ilikuwa ndogo zaidi. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuwazidi waliozama katika jambo walilokuwa nalo mkononi.

Ubongo una mtandao wa sehemu zinazochangamka hasa tunapokuwa hatuna shughuli, tunapojiwazia sisi wenyewe, ya jana na ya kesho. Mtafiti wa ubongo Marcus Raichle na wenzake waliueleza mwaka 2001. Miaka kumi baadaye, Judson Brewer na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale waliwachunguza wazoefu wa kutafakari, yaani kukaa kimya na kuielekeza akili kwenye pumzi au neno moja, na kuona kuwa sehemu kuu za mtandao huo hutulia kwao kuliko kwa wasio wazoefu.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na inaniuma, maana wanaacha jambo jema kwa kudhani wameshindwa. Wanafikiri kutafakari ni kuzima mawazo. Hakuna anayezima mawazo. Unataja neno lako, akili inatoroka, unagundua, unairudisha. Hicho kitendo cha kurudisha ndicho zoezi lenyewe. Irudishe kama mama anavyomrudisha mkekani mtoto anayetambaa: bila kumpiga, bila kumsimanga, hata ikiwa ni mara ya ishirini.

Wapo jirani zetu, Waislamu kwa Wakristo, wanaohofu kuwa wakikaa kutafakari watakuwa wameingia ibada ya wengine. Hofu hiyo naiheshimu. Ni kweli kwamba mafunzo ya kutafakari aliyoyaanzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 kwa wagonjwa wa Chuo Kikuu cha Massachusetts yana asili ya Kibudha, ingawa aliyafundisha bila dini. Lakini Herbert Benson, daktari wa moyo wa Harvard, alionyesha katika miaka ya 1970 kuwa mwili hutulia kwa neno lolote linalorudiwa kwa utulivu, na akawahimiza watu watumie maneno ya imani yao. Surat Ar-Raad, aya ya 28, inasema nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Sayansi imepima mapigo na pumzi. Anachokipata muumini kwa Mola wake hakiingii kwenye mashine, na sioni ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Ila tusiupe uradi wala kutafakari uwezo usiokuwapo. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Kutafakari kulipunguza wahaka, sonona na maumivu kwa kiasi kidogo hadi cha wastani, lakini hawakuona kwamba kunashinda dawa au mazoezi ya mwili. Anayemeza dawa za akili asiziache. Na aliyepitia jambo zito, kunyamaza na kufumba macho kunaweza kulirudisha lote kwa mkupuo. Huyo aanze akiwa na mshauri au daktari, na akitaka afumbue macho.

Kwa mwingine yeyote, kiti cha pale Mama Ngina mbele ya bahari kinatosha, au mkeka chumbani. Vuta pumzi kwa hesabu ya sekunde 4, itoe kwa hesabu ya 6 huku ukitaja neno lako. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Anza na dakika 10. Ukihisi kizunguzungu, acha kuhesabu na upumue kawaida. Asiye na tasbihi ahesabu kwa pingili za vidole.