Kilwa ya mwaka 1331 haikuwa na korosho: dhana potofu kuhusu riwaya za kihistoria za vijana

Dhana: riwaya isiyokosea mwaka wala jina la sultani imeshafaulu mbele yetu sisi waamuzi.

Tarehe ni kazi nyepesi. Yeyote anaweza kunakili kwamba msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Makosa hujificha jikoni. Mama anasonga ugali wa mahindi, bibi anachoma muhogo, mtoto anatafuna korosho: vyote asili yake ni Amerika na vililetwa na Wareno, ilhali Vasco da Gama wao alikuwa hajafika pwani hii hadi mwaka 1498. Karafuu za Unguja ndiyo kabisa, ni za karne ya 19. (Mtu wa Lindi au Mtwara umwambie korosho ni mgeni! Ndiyo maana kosa hilo huwapita hata wahariri.) Wali, mtama, samaki na ndizi vinatosha kuandaa karamu.

Dhana: basi kosa la namna hiyo liangushe kitabu.

Hapana. Korosho unaifuta, unaendelea. Asiyefutika ni kijana wa karne ya 14 anayewaza kama mwanafunzi wa leo, anayemhubiria baba yake haki ya kujichagulia kazi na kusafiri baharini siku yoyote anayojisikia. Vyombo vilingoja pepo za kaskazi na kusi. Aliyepitwa na msimu alikaa miezi ugenini. Kungoja huko peke yake kungeweza kubeba hadithi nzima. Nisipoona kungoja huko kitabuni, naanza kushuku kwamba Kilwa ni pazia tu lililotundikwa nyuma ya wahusika.

Dhana: watoto wapewe historia iliyosafishwa.

Waamuzi wengi hupenda jumba la Husuni Kubwa na bwawa lake la pembe nane, dhahabu ya Sofala (bandari ya Msumbiji ya leo), vyombo vya kauri kutoka China. Vyote ni kweli. Lakini Ibn Battuta huyohuyo anasema sultani alikuwa akivamia nchi za jirani na kuteka ngawira. Hata kisa chake maarufu cha ukarimu, cha fakiri kutoka Yemen aliyeomba nguo alizovaa sultani, kinaishia kwa fakiri kupewa watumwa na pembe za ndovu. Msomaji wa miaka 12 anaweza kabisa kuuliza ukarimu ule ulitoka katika mali ya nani. Mwandishi akimnyima nafasi ya kuuliza, mimi humkata alama nyingi kuliko za korosho.

Dhana: Kiswahili kigumu ndicho cha kale.

Hati kongwe za Kiswahili tulizonazo ziliandikwa karne kadhaa baadaye, kwa hiyo "ukale" huo mwandishi ameutunga mwenyewe. Mazungumzo mepesi yanatosha, mradi mtu asiahidi kurudi "baada ya dakika tano". Aseme baada ya sala ya alasiri.