Msichana Aliyebadilika Ghafla Apelekwe Hospitali Kwanza

Huu ni ugonjwa gani?
Msichana akibadilika ghafla tabia, huenda ana ensefalaitisi ya NMDA: ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi vya ubongo viitwavyo NMDA, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe. Madaktari waliueleza mwaka 2007. Huwapata zaidi wanawake vijana, na baadhi yao huwa na teratoma, yaani uvimbe wa ovari unaoweza kuwa na nywele, meno na hata tishu ya ubongo. Kinga inapopambana na uvimbe huo, huugeukia pia ubongo wenyewe.

Huanzaje?
Mara nyingi huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Baada ya siku chache, msichana aliyekuwa mtulivu hapati hata lepe la usingizi, anasikia sauti na kuwashuku ndugu zake; kisha maneno yanapungua, kifafa kinamwangusha, na mdomo unatafuna mfululizo ilhali hamna kitu ndani yake.

Je, si mapepo?
La. Wagonjwa hunifikia hospitalini kutoka mitaa ya Nairobi kama Kayole, Kangemi na Eastleigh wiki ya tatu au ya nne, wengine wakiwa na alama za kamba mikononi na midomo iliyopasuka kwa kiu, kwa sababu familia iliambiwa wafungwe kamba na wafunge kula na kunywa. Hakuna anayewakataza kuomba, ila ombeni mgonjwa akiwa wodini.

Tungoje mkesha wa maombi wa Ijumaa upite?
La, msingoje. Kupumua na mapigo ya moyo huweza kuvurugika, na matibabu yakianza mapema matokeo huwa bora. Nasema tena: msingoje.

Na tukiambiwa ni ugonjwa wa akili?
Dalili hufanana, kwa hiyo kosa hilo hutokea. Ikiwa hajawahi kuugua akili, na sasa ana homa, kifafa au miondoko ya ajabu ya mdomo, waelezeni madaktari hayo yote na muwaulize kuhusu kipimo cha maji ya uti wa mgongo na ultrasaundi ya nyonga ya kutafuta uvimbe wa ovari.

Hutibika?
Ndiyo. Mgonjwa hupewa steroidi na imunoglobulini, dawa za kutuliza kinga ya mwili, au plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, husafishwa, na uvimbe ukipatikana huondolewa. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, takribani wagonjwa wanane kati ya kumi walikuwa na hali nzuri baada ya miaka 2. Nafuu huja polepole, kwa miezi, na ugonjwa huweza kurudi. Usingizi ukipotea tena, mrudisheni siku hiyohiyo.